Pikapu ya Kabureta: Kipi Kinaokoa Petroli na Kipi Kinakula Fedha

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta nchini Tanzania, na katikati ya mwezi EPRA hufanya hivyo Kenya. Bei zikipanda, mwenye Hilux ya miaka ya 1980, Datsun 1200 au Peugeot 504 huanza kutafuta dawa, na papo hapo huzongwa na ushauri usiopatana. Fundi mmoja anamwambia apunguze jeti. Wa pili anamwambia kabureta imepitwa na wakati, afunge injini ya EFI. Muuza vipuri anamwonyesha sumaku ya kubana kwenye bomba la petroli. Dereva mzoefu anasema tatizo ni mguu wa kulia, na jirani anamsifia gesi.

Kila mmoja ana mfano wa gari lililopona. Shida ni kwamba magari hayo hayakuwa na ugonjwa mmoja: lililoponywa na jeti lilikuwa likivuta mafuta kupita kiasi, na lililoponywa na dereva lilikuwa zima tangu mwanzo. Ili kujua ushauri upi unafaa wapi, inabidi kuanzia kwenye chanzo cha ulaji wenyewe.

Kwa nini kabureta inakula

Kabureta hufanya kazi kwa mvuto wa hewa tu. Hewa inayovutwa na pistoni hupita kwenye koo jembamba, mwendo wake unaongezeka, mgandamizo wake unashuka, na tofauti hiyo ndiyo inayonyonya petroli kupitia vitundu vinavyoitwa jeti. Ukubwa wa vitundu hivyo uliamuliwa kiwandani mara moja, na kabureta haina njia ya kujua kama petroli iliyotoka imeungua vizuri au imeishia kuwa moshi mweusi kwenye ekzosi.

Ili kilo moja ya petroli iungue yote, inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Nguvu kubwa zaidi hupatikana mchanganyiko ukiwa mzito kidogo, yaani kilo 12.5 hadi 13 za hewa, na ulaji mdogo zaidi hupatikana ukiwa mwepesi kidogo, kwenye 15.5 hadi 16. Waliobuni kabureta walielemea upande wa usalama. Walitaka gari liwake asubuhi ya baridi na livute mzigo mlimani bila kuunguza valvu. Mfumo wa EFI hupima hewa inayoingia, na katika magari mengi husoma pia moshi unaotoka, kisha hurekebisha mafuta kila wakati. Hukata mafuta kabisa dereva anapoachia eksileta kwenye mteremko. Kabureta nyingi huendelea kutoa petroli hata hapo.

Kwa hiyo sehemu ya ulaji wa pikapu ya kabureta ni ya kuzaliwa nayo, na hakuna fundi atakayeiondoa yote. Sehemu nyingine ni uchakavu na marekebisho mabaya yaliyorundikana kwa miaka, na hiyo inaondoka.

Mwinuko unavyoharibu hesabu

Jambo moja la mazingira yetu husahaulika sana. Hewa ya nyanda za juu ni nyepesi kuliko ya pwani. Kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, kimo kinachokaribiana na cha Nairobi au Mbeya, uzito wa hewa hupungua kwa takriban asilimia 16. Kabureta hupima ujazo wa hewa bila kujua uzito wake, hivyo mchanganyiko huwa mzito zaidi kwa asilimia 8 au 9. Pikapu iliyotyuniwa vizuri Mombasa au Dar es Salaam itakuwa na mafuta ya ziada Nairobi, na Eldoret hali itakuwa mbaya zaidi. Baadhi ya kabureta zilikuja na kifaa cha kufidia mwinuko. Zisizo nacho hufuata jeti zilizomo.

Hii ndiyo sababu mojawapo ya mafundi wa bara na wa pwani kutokubaliana. Anayefanya kazi Iringa ana haki ya kusema kupunguza jeti kunasaidia. Wa Tanga naye ana haki ya kusema kunaunguza injini. Wote wawili wameona kwa macho yao, kila mmoja kwenye hewa ya kwake.

Pima kabla ya kutibu

Mabishano mengi juu ya ulaji hufanywa bila kipimo. Mshale wa tangi la gari la zamani haufai kwa kazi hii. Njia ya kuaminika ni kujaza tangi mpaka juu, kutembea, kisha kujaza tena kwenye pampu ileile na kugawanya lita zilizoingia kwa kilomita zilizotembewa. Fanya hivyo kwa matangi kadhaa, kwa sababu tangi moja linaweza kuwa la safari tupu na jingine la safari ya magunia.

Kilomita zenyewe zinaweza kudanganya. Chukua pikapu iliyotoka kiwandani na tairi la kipenyo cha sentimita 70, kisha mwenyewe akafunga la sentimita 77 ili apande juu ya matope. Dashibodi ikihesabu kilomita 100, gari limetembea 110. Mwenye gari ataapa kwamba ulaji umeongezeka kwa kiasi kikubwa, kumbe sehemu ya ongezeko hilo iko kwenye hesabu tu. Kama mita ya kilomita imekufa, nguzo za kilomita za barabarani au ramani ya simu hutosha.

Kuna pia mtego wa kuhesabu kilomita kwa lita. Kutoka kilomita 8 hadi 10 kwa lita huokoa lita 25 katika kila kilomita 1,000. Kutoka 10 hadi 12 huokoa lita 17 hivi, ingawa ongezeko linaonekana lilelile. Maana yake ni kwamba gari bovu zaidi ndilo lenye akiba kubwa zaidi, na iliyo rahisi zaidi kuipata. Kadiri gari linavyokuwa zima, ndivyo kila lita ya ziada inavyogharimu zaidi kuokolewa.

Hakikisha pia unapima petroli. Uchanganyaji wa mafuta ya taa ulikithiri kiasi kwamba Tanzania ilianza kutia mafuta vinasaba mwaka 2010, na Kenya ikapandisha tozo ya mafuta ya taa mwaka 2018. Petroli iliyochakachuliwa hugonga injini na kuchafua plagi, na lawama huangukia kabureta isiyo na kosa.

Hoja ya kwanza: Punguza mafuta yanayoingia

Wanaoshikilia hoja hii wanasema, kama kabureta inatoa mafuta mengi, ibane. Wapo wanaokaza skrubu ya mchanganyiko, wapo wanaofunga jeti ndogo, na wapo wanaotoa kabureta ya asili na kuweka ya gari dogo la saluni.

Nguvu ya hoja ni kwamba ni rahisi, haraka, na mahali penye mwinuko ina msingi wa kisayansi. Udhaifu wake huanza kwenye ile skrubu. Skrubu ya mchanganyiko hutawala mafuta ya injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila eksileta, na kwenye mwendo mdogo sana. Barabara ya Chalinze kwenda Segera huendeshwa kwa jeti kuu, ambayo skrubu hiyo haiigusi. Kuikaza ili kuokoa mafuta ya safari ndefu ni kazi bure, na huleta injini inayotetemeka na kuzima kwenye foleni.

Jeti ndogo huleta hatari ya upande wa pili. Mchanganyiko mwepesi kupita kiasi huungua polepole na kwa joto kali, hugonga, na ukiendelea chini ya mzigo huunguza valvu za ekzosi au kutoboa pistoni. Dereva naye, akihisi gari limelegea, hukanyaga zaidi, na kwenye kabureta nyingi kukanyaga sana hufungua njia ya ziada ya mafuta. Akiba inayotafutwa hurudi kwenye ekzosi. Kabureta ya gari dogo nayo ina koo jembamba. Hubana hewa pamoja na mafuta, na injini ya lita mbili inayopanda Sekenke na tani moja mgongoni huishiwa pumzi. Gari lililopunguziwa jeti Eldoret likishushwa Mombasa na mzigo, huingia kwenye hatari hiyo siku hiyohiyo.

Hoja ya pili: Rudisha injini kwenye hali yake

Wa hoja hii wanasema gari lilitoka kiwandani na ulaji unaovumilika, hivyo kazi ni kutafuta kilichoharibika. Hapa ndipo penye mambo mengi zaidi.

Kabla ya yote, fungua plagi nne na kuzipanga kwa mfuatano wa silinda. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi meusi makavu ni mafuta mengi, na nyeupe yenye malengelenge ni mafuta kidogo au joto kupita kiasi. Nyeusi yenye unyevu wa oili inasema ringi au sili za valvu zimechoka, na hapo hakuna kabureta itakayosaidia mpaka injini ipimwe kompresheni. Kama plagi tatu ni kahawia na moja ni nyeusi, usiguse jeti: tatizo liko kwenye silinda ile moja.

Kama zote ni nyeusi, washukiwa wanajulikana. Filta ya hewa iliyoziba kwa vumbi. Kipepeo cha choki kinachobaki kimefungwa nusu kwa sababu kebo imekatika. Floti iliyotoboka ikaingiza petroli na kuzama, au sindano yake iliyolika ikashindwa kufunga. Na kwenye kabureta nyingi za Toyota, kuna pistoni ndogo ya nguvu inayoshikiliwa juu na mvuto wa manifoldi na kushuka pale tu injini inapolemewa. Ikikwama chini kwa uchafu, gari huendeshwa kutwa nzima na mafuta ya kupanda mlima, hata kwenye tambarare.

Baada ya mafuta, moto. Pointi za distributa zikilika upande wa kiatu, mwanya unapungua na taimingi inachelewa taratibu bila dereva kutambua. Kingine kinachopuuzwa zaidi ni kiwambo cha distributa, kile kinachounganishwa na mpira mwembamba kutoka kwenye kabureta. Kazi yake ni kuwahisha moto gari linapokwenda kwa mwendo tulivu, kwa sababu wakati huo mchanganyiko ni mwepesi na huungua polepole. Kikichanika, au fundi akiuziba mpira kwa skrubu ili sailensa itulie, injini huendelea kuwaka na kuvuta kama kawaida mzigo ukiwa mzito, lakini hupoteza mafuta katika kila kilomita ya safari tulivu. Jaribio lake ni la dakika moja: vuta hewa kwa mdomo kwenye ule mpira huku kifuniko cha distributa kikiwa wazi. Sahani ya ndani ikisogea na kubaki palepale ulipobana ulimi, kiwambo ni kizima.

La tatu ni themostati. Katika gereji nyingi, gari likichemsha, kitu cha kwanza kutolewa ni themostati. Kuchemsha hupungua, lakini injini sasa hufanya kazi ikiwa baridi, hasa nyanda za juu asubuhi. Petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye manifoldi ya baridi, oili hubaki nzito, dereva huvuta choki kwa muda mrefu, na ukuta wa silinda huoshwa na petroli isiyoungua. Gharama ya kusafisha rejeta iliyoziba imekwepwa, na badala yake inalipwa kidogokidogo kwenye kituo cha mafuta.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba hutibu sababu na kurefusha maisha ya injini. Udhaifu wake ni wa vitendo. Inahitaji fundi mvumilivu mwenye taa ya taimingi, na vifaa vya kukarabatia kabureta za zamani vimejaa bandia zenye jeti zisizo na kipimo sahihi. Tena ina kikomo: shafti ya kabureta iliyolegea hupitisha hewa pembeni, na injini iliyokwisha kompresheni haitarudi ujana kwa kutyuniwa.

Hoja ya tatu: Vifaa na dawa za kuokoa mafuta

Sumaku za kwenye bomba, feni za kuzungusha hewa, vidonge vya kutia kwenye tangi na mitungi ya kutengeneza haidrojeni kwa betri huuzwa kwa ahadi za asilimia kubwa. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima zaidi ya vifaa 100 vya aina hii kwa miaka mingi, na halikupata hata kimoja kinachopunguza ulaji kwa kiasi cha maana.

Sababu si ngumu. Mtungi wa haidrojeni hutumia umeme wa jenereta ya gari, jenereta huzungushwa na injini, na injini hula petroli. Katika kila hatua nishati hupotea, hivyo kinachorudi ni kidogo kuliko kilichotoka. Kuhusu petroli ya okteni ya juu, husaidia injini inayogonga, lakini isiyogonga haipati akiba yoyote, na mahali penye mwinuko injini huhitaji okteni ndogo zaidi. Wapo pia wanaoamini dawa za risasi zitarudisha ulaji wa zamani, enzi ya petroli yenye risasi iliyokoma katika nchi za kusini mwa Sahara mwaka 2006. Risasi ilizuia kugonga na kulinda viti vya valvu. Haikuongeza nishati ya petroli.

Mbona basi wapo mashahidi? Mara nyingi anayefunga kifaa husafisha filta na kurekebisha taimingi siku hiyohiyo. Na dereva anayesubiri kuona matokeo hukanyaga taratibu. Akiba ni ya kweli. Sifa ndiyo imekwenda kwa asiyestahili.

Hoja ya nne: Badilisha mfumo wote

Kundi hili linasema kuhangaika na kabureta ni kupoteza muda. Funga injini ya EFI, au ya dizeli kama 2L na 3L za Toyota, au weka gesi asilia.

Kwa EFI na dizeli, akiba ipo na ni kubwa kuliko ya marekebisho. Gharama nazo ni kubwa: injini ya mtumba isiyojulikana historia, waya, pampu ya mafuta, wakati mwingine giaboksi, na kubadilisha namba ya injini kwenye kadi ya gari. EFI iliyofungwa kienyeji bila sensa zake zote inaweza kula kuliko kabureta nzima. Dizeli huleta uzito zaidi mbele na mtetemo ambao fremu ya zamani huusikia.

Gesi ni ya kipekee kwa Tanzania, ambako gesi ya Songo Songo inatumika tangu mwaka 2004. Injini ya kabureta huipokea kwa urahisi, kwani kichanganyio chake hufungwa kwenye njia ya hewa na petroli hubaki kama akiba. Kilo moja ya gesi hubeba nishati inayokaribia lita moja na nusu ya petroli, kwa bei nafuu. Lakini mtungi hula nafasi na uzito wa bodi, nguvu hupungua hasa mlimani, na vituo vimejikusanya zaidi Dar es Salaam. Kwa pikapu ya kusambaza maji Kinondoni, ni hoja nzito. Kwa inayobeba mahindi Rukwa, haina maana.

Hoja ya tano: Dereva, mzigo na matairi

Wa mwisho wanasema ulaji uko nje ya boneti. Wana ushahidi. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo: kwenye kilomita 100 kwa saa ni mkubwa kwa asilimia 56 kuliko kwenye 80, na pikapu yenye mbao za pembeni na karia inaulipia kwa ukamilifu. Matairi yenye upepo mdogo, breki za ngoma zinazogusa na beringi zilizokauka huongeza mzigo kimyakimya. Inua kila gurudumu kwa jeki na kulizungusha kwa mkono. Lisilozunguka kwa uhuru linakula mafuta.

Faida ya njia hii ni kwamba haigharimu chochote isipokuwa muda. Udhaifu wake ni tabia, hasa pale gari linapoendeshwa na aliyeajiriwa kwa hesabu ya siku na petroli si ya mfuko wake. Na ina upotoshaji mmoja wa hatari: kushuka mteremko na gia ikiwa huru. Kwenye kabureta huokoa kiasi kidogo kweli, lakini kwenye mteremko wa Kitonga, gari lenye mzigo lisilo na breki ya injini huchemsha breki zake mpaka zisishike. Hakuna lita ya petroli yenye thamani hiyo.

Mizani

Njia ya haki ya kulinganisha ni kuhesabu gharama kwa lita badala ya shilingi, kwa sababu bei hubadilika kila mwezi. Tuseme pikapu inatoka kilomita 8 hadi 10 kwa lita, na badiliko lenyewe limegharimu fedha za kununulia lita 600. Ikitembea kilomita 1,000 kwa mwezi huokoa lita 25, na deni litalipwa kwa miezi 24. Ikitembea 4,000, litalipwa kwa miezi sita. Badiliko lilelile ni uamuzi mzuri kwa mfanyabiashara wa kila siku na hasara kwa mkulima anayetoka Jumamosi tu.

Mpangilio nao una uzito. Anayefunga jeti ndogo kabla ya kukagua floti na kiwambo anaficha ugonjwa. Anayeweka gesi kwenye injini yenye plagi na koili mbovu atalaumu gesi, kwa kuwa gesi huhitaji moto wenye nguvu zaidi kuliko petroli.

Kwa muhtasari

Hoja ya pili ndiyo msingi: plagi, kompresheni, choki, floti, pistoni ya nguvu, taimingi, kiwambo na themostati, kwa utaratibu huo. Hoja ya tano huenda nayo sambamba tangu siku ya kwanza. Kupunguza jeti ni halali kwa gari linaloishi nyanda za juu, baada ya ukaguzi, hatua moja kwa wakati huku plagi zikisomwa. Gari linalopanda na kushuka pwani libaki na jeti za kiwandani. Kubadilisha mfumo ni kwa mwenye kilomita nyingi kila mwezi, na gesi ni kwa aliye karibu na kituo. Vifaa vya miujiza havina nafasi popote kwenye orodha hii.

Na fundi akikuahidi akiba, mwombe jambo moja kabla hajashika bisibisi: kwamba mtapima lita kwa kilomita kabla ya kazi na baada yake, kwa pampu ileile. Anayekataa kupimwa asipewe kazi.